Kamati ya Mngurumo

Ilitangazwa rasmi, na tangazo likabandikwa kwenye kila ubao wa jengo zima, pamoja na ule wa karibu na vyoo vya ghorofa ya pili, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kompyuta ya serikali itakayoruhusiwa kufanya kazi kimya kimya. Kompyuta yoyote itakayokutwa inafanya kazi bila kunguruma itahesabiwa kuwa haifanyi kazi, na afisa aliyeketi mbele yake atahesabiwa kuwa hajafika kazini.

Watu wasioijua Idara Kuu ya Nyenzo za Kazi walicheka. Katibu hakucheka, kwa sababu tangazo aliliandika yeye.

Tuelewane hapa. Katibu hakuwa mjinga. Alikuwa mtumishi wa miaka mingi, suruali yake imenyooka kwa pasi, mfukoni kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya hadhi. Cheo chake kwa urefu wake kilikuwa Katibu wa Kamati za Idara na Msikilizaji Mwandamizi, na hakukipata kwa kujuana. Ni yeye aliyegundua, enzi zile kompyuta za zamani zilipoletwa, kwamba huhitaji kufungua mlango wa mtu ili ujue kama anachapa kazi. Unasimama koridoni, unatega sikio. Kompyuta zile zilikuwa na feni zenye kelele kama mashine ya kusaga. Mlango unaonguruma, pana kazi. Mlango ulio kimya, pana utoro. Basi Katibu alipita kila asubuhi na kila alasiri, mikono nyuma, sikio mbele, na kwa njia hiyo Idara ikaokoa muda mwingi ambao ungepotea katika kuwauliza watu wanafanya nini.

Ni kweli kwamba kompyuta zile zilinguruma hata mwenyewe akiwa ameenda kunywa chai. Ni kweli pia kwamba baadhi ya watumishi waliziwasha asubuhi, wakatundika koti kwenye kiti, wakaenda zao mjini. Lakini hakuna utaratibu usio na kasoro, na Katibu alikuwa ameshalieleza hilo katika waraka mwingine.

Balaa lilianza pale Idara ilipoamua kwenda na wakati. Zilinunuliwa kompyuta mpya, ndogo za kukaa kiganjani, zenye prosesa za ARM, ukoo mmoja na zile za kwenye simu. Hazili umeme, hazipati joto, hazina feni. Zilikusudiwa zahanati za mbali, kule ambako umeme ni wa jua na betri ni ya kubembeleza. Na kwa kuwa Idara ilikuwa na mfumo endeshi wake, Linux ya mezani iliyopewa jina la Tausi kwa sababu ya rangi zake, ikabidi Tausi naye aondolewe kwenye kompyuta kubwa za zamani na kufundishwa kuishi ndani ya hizi ndogo.

Kazi hiyo alipewa fundi wa mifumo wa ghorofa ya chini, mwanamke mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, ambaye jengo zima lilimwita Mpishi. Jina alijitakia mwenyewe. Mtu akimuuliza anafanya nini huko chini, alijibu hivi:

"Prosesa mpya haielewi lugha ya ile ya zamani. Huwezi kuchukua programu iliyoiva kule ukaipakulia huku, italiwa na nani? Unarudi kwenye msimbo wake wa asili, unaipika upya. Moja moja. Na ziko maelfu. Nyingine zinakubali, nyingine zinanuna kama mtoto aliyenyimwa sukari."

Alipika programu ya kuandikia barua, akapika ya mahesabu, akapika ya kuchapisha, ambayo ilinuna sana. Akakirekebisha kiini cha mfumo hadi kompyuta ndogo ikatambua kioo chake na kipanya chake. Watu hawakumwelewa, lakini walimsalimia.

Siku ya makabidhiano, wakubwa walijaa ukumbini. Mkurugenzi Mkuu, bwana mpana mwenye sauti ya kufungulia mikutano, alikaa katikati.

"Haya, washa," akasema.

"Imewaka, mzee," akasema Mpishi.

"Nimesema washa."

"Imewaka. Tausi huyo hapo kwenye kioo."

Mkurugenzi Mkuu akainama, akaweka sikio juu ya kile kikasha. "Mbona imekufa?"

"Haijakufa, mzee. Haina feni tu."

"Picha naiona," akasema Mkurugenzi Mkuu huku akijiinua. "Kazi siisikii."

Macho yote yakamgeukia Katibu. Katibu akasogea, akavua miwani ili asikie vizuri, akatega sikio la kulia, kisha la kushoto. Alisikia tumbo la mhasibu. Alisikia kiti kikilia. Kutoka kwenye kompyuta hakusikia kitu.

"Kwa mujibu wa utaratibu uliopo," akasema polepole, "kifaa hiki hakijafika kazini."

Ndipo tangazo lile likabandikwa, na ndipo ikaundwa Kamati ya Mngurumo, Katibu akiwa katibu wake. Kompyuta za zahanati zikafungiwa stoo mpaka Kamati itoe Cheti cha Kukubalika.

Sasa, Katibu alikuwa na dada. Alikuwa muuguzi katika mojawapo ya zahanati hizo za mbali, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Alimfundisha kusoma kwa upendo na kwa kumfinya. Mbele ya wajumbe Katibu alikuwa Katibu, lakini mbele ya dada yake alikuwa Kibonge, na hilo halikuwa na waraka wa kulibadilisha.

"Wewe Kibonge," simu ilisema siku moja, Katibu akiwa ofisini. "Kompyuta zetu ziko wapi?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ziko wapi?"

"Ziko stoo. Ziko salama kabisa. Zinasubiri kukubalika."

"Zikubalike na nani? Mimi nilishazikubali tangu nilipozisikia."

"Kuna suala la mngurumo, dada. Kamati inalichambua."

Katibu aliuona mkono wa dada yake ukija kufinya.

"Nisikilize vizuri. Hili likompyuta lenu la zamani linakunywa betri yote. Nikiliwasha niandikishe watoto, friji ya chanjo inazimika. Nikiwasha friji, siandikishi, na nisipoandikisha, bohari hawaniletei chanjo nyingine. Juzi nimemwaga chanjo, zimepata joto. Kina mama wametoka makwao gizani na watoto mgongoni, nimewarudisha hivi hivi. Wewe umeshawahi kumwangalia mama usoni ukamwambia arudi wiki ijayo, na unajua hata wiki ijayo hakuna kitu?"

"Dada, kuna taratibu..."

"Najua. Taratibu ndiyo mwendo. Ila nyinyi hamtembei, mmekaa."

Akakata. Katibu akabaki na simu mkononi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Alijiambia kwamba yeye ni katibu tu, mwandishi wa wanayosema wengine. Kisha akakumbuka kwamba hili hawakulisema wengine. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani waraka wake uwe umeandikwa na mtu mwingine.

Kesho yake aliingia kwenye Kamati akiwa na haraka ambayo wajumbe hawakuizoea. Mjumbe mmoja alipendekeza kila kompyuta ndogo inunuliwe feni kubwa ya mezani na kuwekwa pembeni yake. Mwingine alipendekeza kila kompyuta ndogo iwekwe karibu na kompyuta ya zamani, ambayo itakaa imewashwa kwa ajili ya kunguruma tu. Pendekezo hili lilipigiwa makofi. Katibu akawaza betri ya dada yake, akamwangalia Mpishi kwa macho ya kuomba maji.

"Zina spika," akasema Mpishi. "Naweza kuandika kiprogramu kidogo, nikakitia ndani ya Tausi. Prosesa ikipata kazi nyingi, kinanguruma sana. Ikipata kidogo, kinanguruma kidogo. Ikikaa bure, kinanyamaza. Kila mtu atasikika kwa haki yake."

Wajumbe walilipenda neno haki. Hakuna aliyeuliza haki hiyo itamwangukia nani. Wakapitisha kwamba kiprogramu kiitwe Sauti ya Utumishi, na kwamba kijaribiwe kwanza hapo makao makuu, ambako baadhi ya kompyuta ndogo zingewekwa mezani badala ya zile za zamani zenye feni.

"Kwa hiyo zikinguruma hapa, za zahanati zinaondoka?" Katibu alimuuliza Mpishi walipotoka.

"Cheti mtatoa. Lakini zitaondoka kufanya nini? Programu ya kuandikisha chanjo bado."

"Bado kivipi? Si umepika maelfu?"

"Imebaki hiyo. Ni kubwa, halafu ina tabia mbaya, inapopikwa inajionja yenyewe katikati ya mapishi, yaani inajijaribu kama inafanya kazi. Nikiipika kwenye kompyuta za zamani, ikijionja haielewi ladha yake. Lazima ipikwe juu ya ARM hasa. Na hivi vidogo kumbukumbu yake ni kijiko, nikifika katikati inafurika, vinazimika."

"Hakuna ARM kubwa?"

"Ipo moja. Iliagizwa kwa kazi hiyo hiyo."

"Iko wapi?"

Mpishi akanyoosha kidole kuelekea dari. "Ilipofika ikaonekana ni kubwa kuliko zote. Wakasema basi inamfaa mkubwa kuliko wote."

Katibu alijua mkubwa anaifanyia nini. Jengo zima lilijua. Mkurugenzi Mkuu alikuwa bingwa wa karata za kwenye kioo, zile za kucheza peke yako, na mashine mpya ilizigawa haraka sana. Katibu alipeleka ombi la kuiazima. Jibu likarudi kwamba kifaa husika kinatumika kikamilifu.

Jumatatu Sauti ya Utumishi ikaanza. Katibu akatoka na mikono nyuma kama zamani. Ghorofa ya chini, masjala, ambako akina dada walikuwa wakiskani majalada na kuyatafuta humo kwenye mashine, pakanguruma mpaka vioo vya madirisha vikaitikia. Uhasibu, ambako walikuwa wanapiga mahesabu ya mishahara, pakavuma vizuri. Katibu akatabasamu. Akapanda ngazi.

Ghorofa ya pili sauti ilishuka. Ya tatu ilikuwa ya kubahatisha, inakuja inapotea. Kwa kadiri alivyopanda ndivyo kulivyozidi kuwa kimya, na ya mwisho, kwenye mazulia na milango ya mninga, Katibu alisikia viatu vyake mwenyewe. Aliingia ofisini kwake akaandika waraka mrefu, wenye vifungu na vifungu vidogo, ili aisikie ya kwake. Mashine ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Kumbe kuandika waraka, hata mrefu, prosesa hailioni kuwa jambo. Roho ikamuuma.

Kufika mchana watu wa chini walikuwa wanaambizana kwenye foleni ya chai, "Ukitaka usingizi, panda juu." Mhudumu mmoja alivua viatu alipopeleka barua ghorofa ya mwisho, akidai hataki kumwamsha mtu.

Kesho yake Mkurugenzi Mkuu akamwita Katibu. Alikuwa hatulii kitini.

"Waziri anakuja Alhamisi. Tangazo letu limemfikia, limemfurahisha sana. Anataka kupita koridoni asikilize mwenyewe."

"Heshima kubwa, mzee."

"Ofisi yangu inasikikaje?"

"Kwa utulivu, mzee."

"Utulivu wa namna gani?"

Katibu alitafuta neno la kiofisi, akalikosa. "Nimesikia nzi, mzee. Alikuwa anatembea."

Mkurugenzi Mkuu akafuta jasho. "Lakini niko kwenye mashine hii tangu asubuhi!"

"Sauti ya Utumishi kazi nyepesi haiihesabu, mzee."

"Basi mwambie yule Mpishi aifungulie sauti ya kwangu, ingurume tu. Ni kubonyeza, si ndiyo?"

Kweli ilikuwa ni kubonyeza. Katibu alifungua mdomo aseme ndiyo mzee, kama alivyosema kwa miaka yote. Badala yake akamwona dada yake anamwaga chanjo. Maneno yakatoka yakiwa na suti na tai.

"Sauti ya kubandika itamfikia Waziri kama sauti ya kubandika, mzee. Kinachofaa ni kazi yenye uzito wa cheo chako. Na ipo moja. Imezishinda mashine zote za jengo hili."

Mkurugenzi Mkuu akavuta kiti. "Zote?"

"Zote. Mpishi anasema hakuna yenye ubavu nayo, isipokuwa hii ya kwako."

"Isipokuwa ya kwangu," akarudia Mkurugenzi Mkuu, na mabega yake yakapanuka. "Sasa mbona mlikuwa mnanificha? Ileteni."

Mpishi alipanda na viatu vyake vya matope, akaketi kwenye kiti cha ngozi, akaandika mistari michache, akabonyeza. Mashine ikavuta pumzi. Kisha ikanguruma, mngurumo wa kutoka tumboni, mpaka picha ukutani ikapinda. Mkurugenzi Mkuu akafumba macho kwa raha.

"Itachukua muda, mzee," Mpishi akapaza sauti. "Isiguswe mpaka iive."

"Hata karata?"

"Hasa karata."

Alhamisi Waziri akafika. Alikuwa mama mfupi, mwenye maneno machache na mkoba mkubwa. Mkurugenzi Mkuu alimpokea getini mwenyewe, akampeleka kunywa chai, akapiga naye picha, akamtembeza ghorofa kwa ghorofa. Katibu aliwafuata akielekeza namna ya kutega sikio, na Mpishi aliwafuata akitafuna kucha. Waziri akasikiliza masjala, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasikiliza ghorofa ya tatu, akaandika kitu. Walipofika ya mwisho, mlango mmoja ulikuwa unatetemeka kwenye bawaba.

"Hii ofisi ya nani?"

"Yangu, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi Mkuu. "Hivi ndivyo tunavyochapa kazi huku."

Waziri akaweka sikio mlangoni. Akalitoa. Akamtazama Mkurugenzi Mkuu kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Lakini wewe uko hapa."

"Niko hapa, Mheshimiwa."

"Uko na mimi tangu asubuhi. Tumekunywa chai wote."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sasa humo ndani nani anachapa kazi?"

Waziri akafungua mlango mwenyewe. Kiti kilikuwa kitupu. Kwenye kioo mistari ilikuwa inapanda mbio, na walipokuwa wanaitazama ikapunguza mwendo, mngurumo ukashuka, ukashuka, ukaisha.

"Imeiva!" Katibu akapiga kelele, akamshika Mpishi mkono mbele ya Waziri, kinyume na kila alichowahi kukiandika. "Mheshimiwa, programu ya chanjo imeiva!"

Ikabidi aeleze. Alieleza yote, friji, betri, stoo, kijiko, na kwa kuwa hakuwa na waraka mkononi alieleza kwa dakika chache tu na kila mtu akaelewa. Waziri akauliza Cheti cha Kukubalika kinatolewaje. Akaambiwa mtu mwenye mamlaka anasema amekubali.

"Nimekubali," akasema. "Lori liondoke mara programu ikishaingizwa." Kisha akakigeukia kile kiti cha ngozi, akakitafakari. "Mimi naheshimu utaratibu wenu. Kwa utaratibu wenu, hii ndiyo ofisi inayofanya kazi kuliko zote, na haina mtu. Sitaki kuivuruga. Mpishi aendelee kuitumia. Mkurugenzi, wewe utasindikiza lori."

"Mpaka wapi, Mheshimiwa?"

"Zahanati ya mwisho."

Lori lilikwenda siku nyingi, kituo baada ya kituo. Katibu alihesabu njia kichwani, na siku alipoona limeshafika kwa dada yake alifunga mlango wa ofisi, akapiga simu kabla hajapigiwa.

"Shikamoo, dada. Zimefika?"

"Marahaba, Kibonge. Zimefika jana." Sauti yake ilikuwa laini, laini kuliko ilivyowahi kuwa tangu Katibu afaulu darasa la saba. "Nimeandikisha watoto wote leo. Foleni yote imekwisha. Ahsante, mdogo wangu."

Macho yalimlowa Katibu, akavua miwani, na kwa kuwa kazi ni mazoea, akajikuta ametega sikio. Nyuma ya sauti ya dada yake kulikuwa na sauti nyingine, nzito, inapanda na kushuka bila kukatika.

"Dada, naisikia!" akasema. "Friji naisikia inavyonguruma!"

"Friji gani? Friji yangu haina kelele, iko kimya kwenye kona yake na ubaridi umejaa. Kompyuta nayo iko kimya, ile sauti yenu nimeizima, inawaliza watoto."

"Sasa kinachonguruma ni nini?"

"Si huyu mzee mliyemleta na lori. Limepata pancha, dereva anaziba peke yake juani, yeye alisema anasimamia. Kalala kwenye benchi la kina mama tangu asubuhi, kaachama. Hivi huko kwenu huyu ni nani?"

Katibu akasikiliza tena, kwa makini ya mtaalamu. Ulikuwa mngurumo mpana, wenye hadhi, wa mtu aliyezoea kufungua mikutano.

"Kwa utaratibu wetu, dada," akasema, "huyo yuko kazini."